Kukagua mashua ya tanga iliyotiwa injini, kabla hujatoa hela

Mashua nyingi zinazouzwa huku pwani, Unguja, Tanga mpaka Lamu, zilijengwa ziende na tanga tu, injini imekuja baadae, na zingine zimeongezwa dari la watalii au zimepakwa faiba juu ya mbao. Sasa mnunuzi akifika anaangalia rangi na injini inavyowaka, kumbe balaa liko pale kipya kilipounganishwa na cha zamani, hapo ndo uanzie.

Usikague chombo kikiwa majini tu. Subiri bamvua, maji makubwa ya mwezi, kipandishwe maji yakijaa, yakitoka kinabaki kikavu unaingia mpaka kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Beba nyundo ndogo na bisibisi, gonga ubao mmoja mmoja, mzima unalia, uliooza unatoa sauti nzito isiyolia, hapo choma na bisibisi, ikizama kirahisi ubao umekwisha. Vitundu vidogo usividharau jamani, wadudu wa baharini wanaingia wadogo halafu wanakulia ndani humo humo.

Alafu nenda tezi, yaani nyuma ya chombo, ukae huko muda mrefu. Fashini, mti wa kusimama wa nyuma, ndo iliyotobolewa kupitisha shafti ya propela, na ndo inashika nyuma yote ya chombo, kwa hiyo tafuta ufa unaoanzia kwenye tundu la shafti kwenda juu au chini. Shika propela uitikise, ikicheza sana bushi imeisha. Mtikisiko wa injini unalegeza kalafati, pamba ya kuziba kati ya mbao, pitisha kidole kwenye mishono, pamba ikitoka yenyewe ujue kazi ipo. Ndani funua sakafu uone injini imekalia nini, inatakiwa ikae juu ya mbao ndefu zinazopita mataruma mengi, zile mbavu za chombo, uzito ugawanyike, mimi nimeona imefungwa kwenye mataruma mawili tu na yote yamepasuka penye bolti, juu yake rangi mpya inang'aa.

Faiba juu ya mbao kuukuu siipendi kabisa. Mbao inavimba na kusinyaa, faiba haiifuati, inaachia, maji yanakaa katikati na ubao unaoza huuoni. Muombe muuzaji ukwangue sehemu ndogo, akikataa punguza bei sana au ondoka.

Tanga nalo likague, injini ikizima kwenye mkondo wa Pemba ndo litakalokurudisha. Angalia foromali, mti unaobeba tanga, penye viungo, na mguu wa mlingoti, maji ya mvua yakituama pale yanaozesha kuliko ya chumvi.

Kikirudi majini usikihukumu siku ya kwanza, mbao zilizokauka lazima zivuje mpaka zivimbe. Kikishatulia kiache usiku kucha bila kumwaga ngama, maji yanayojikusanya chini ndani, asubuhi pima maji, kisha tembeza injini masaa kadhaa upime tena. Kama kina dari, watu wote wasimame upande mmoja, kikiinama kikachelewa kurudi basi juu kumezidi uzito.

Mwisho karatasi za mamlaka ya vyombo vya majini, TASAC kwa Tanzania bara, ZMA kwa Zanzibar au KMA kwa Kenya, vipimo na injini vilivyoandikwa viendane na unachokiona, visipoendana muuzaji azirekebishe yeye kwanza ndo mlipane.