Safari ya kwanza peke yako na kitrela cha kulalia: Mombasa hadi Tiwi

Kitrela cha umbo la tone ni kitanda chenye magurudumu, na jiko limewekwa nyuma chini ya mlango unaofunguka kwenda juu. Kikishapakiwa huwa na uzito wa kilo 400 hadi 700 hivi, na magari mengi ya kawaida hukimudu. Angalia kwanza kitabu cha gari lako kinaruhusu kuvuta kilo ngapi. Ugumu uko kwingine: kazi za trela zimezoeleka kufanywa na watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma akiita "njoo, njoo, hapo hapo!" Ukienda peke yako, kila kazi ya huyo wa pili lazima uitafutie njia kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua karibu

Tsavo itakungoja. Safari ya kwanza iwe mahali ambapo ukiamua kurudi usiku huohuo unaweza. Mimi napendekeza Tiwi, kilomita 20 hivi kusini ya Likoni, katika kambi yenye ua, choo na mlinzi wa usiku. Shimba Hills iko karibu pia na ni pazuri sana, lakini kule kuna ndovu, na mgeni wa trela hahitaji mtihani huo usiku wa kwanza.

Epuka masika. Kuanzia Aprili njia za udongo za kushukia pwani hulainika, na gari lenye mkia hunasa mahali ambapo gari tupu lingepita. Januari na Februari ni kukavu lakini kuna joto. Agosti na Septemba hulalika vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Jifunze kurudi nyuma

Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi. Shika usukani kwa mkono mmoja, sehemu ya chini kabisa. Unataka mkia wa kitrela uende kushoto? Peleka mkono kushoto. Kulia, kulia. Vioo vitakuchanganya mwanzoni, uamini mkono. Kitrela kifupi hugeuka upesi kuliko kirefu, kwa hiyo sogeza usukani kidogo tu, na ukiona kinaanza kujikunja usijaribu kukiokoa. Nenda mbele, kinyooke, anza upya.

Kisha jizoeze kushuka. Simamisha gari, vuta breki ya mkono, zunguka nyuma utazame, rudi ndani, sogea mita mbili, shuka tena. Watu watakutazama. Waache watazame. Ni afadhali kushuka mara kumi kuliko kugonga mnazi.

Hatua ya 3: Pakia

Wachukuzi wa maji wa Mombasa wanalijua jambo hili vizuri: mitungi ikijaa nyuma ya mkokoteni, mishikio inapaa juu, ikijaa mbele, mtu anavunjika mgongo. Kitrela ni vivyo hivyo. Vitu vizito, yaani betri, maji na mtungi wa gesi wa kilo 6, viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na kosa la kawaida ni kuupachika nyuma karibu na jiko kwa sababu ndiko utakakotumika.

Pima uzito unaoelemea gari. Weka mizani ya kupimia mtu chini ya pua ya kitrela, yaani ncha ya mbele inayoungana na gari, kipande cha mbao kikiwa katikati. Lenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote: kwa kitrela cha kilo 500, kati ya kilo 50 na 75, mradi usizidi kiwango cha gari lako. Pua ikiwa nyepesi mno, kitrela kitapepesuka ukiongeza mwendo.

Hatua ya 4: Unganisha bila msaidizi

Chora mstari wa chaki katikati ya kioo cha nyuma, kisha simamisha fimbo yenye kitambaa chekundu kwenye pua ya kitrela. Rudi nyuma ukiviweka viwili hivyo katika mstari mmoja. Ukikaribia, shuka utazame.

Kikombe cha chuma kilicho kwenye pua kikishaketi juu ya tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari na kitasa kikafungwa, usiamini macho. Zungusha jeki ya mbele kana kwamba unataka kuinua pua. Sehemu ya nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, kimeshika. Ikibaki chini, fungua urudie. Baada ya hapo pitisha nyororo mbili zikipishana chini ya pua, chomeka plagi ya taa, pandisha gurudumu la mbele.

Indiketa utaziona ukizunguka. Kwa taa za breki, bana fimbo kati ya pedali na kiti, kisha nenda nyuma ukaone. Mpigie pia wakala wako wa bima umuulize kama kitrela kimo ndani ya bima ya gari.

Hatua ya 5: Barabarani

Pita barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri. Feri ya Likoni itakufikisha pia, lakini mahali mteremko unapokutana na mlango wake pana kona inayoweza kukwaruza mkia wa kitrela, na umati wa waenda kwa miguu hukuzunguka pande zote huku huoni kilicho nyuma yako. Kutoka Nyali au Bamburi utazunguka sana hadi Miritini, ni kweli, ila utafika Kibundani umetulia.

Juu ya daraja la Mteza, kwenye barabara hiyo, pako wazi na upepo hupiga ubavuni. Punguza mwendo mapema. Kitrela kikianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki kwa pupa. Kwenye matuta kumbuka kwamba tuta moja unalivuka mara mbili, na usiongeze mafuta hadi magurudumu ya kitrela yashuke. Tuktuk zitakukata mbele zikidhani umeishia kwenye bampa ya gari. Ukipita gari jingine, hesabu urefu wako wote kabla ya kurudi njiani.

Ukifika kituo cha mafuta cha kwanza baada ya Kibundani, simama. Gusa katikati ya kila gurudumu la kitrela: uvuguvugu ni sawa, kikikuchoma, kuna beringi inayolia. Kaza nati kwa spana.

Hatua ya 6: Fika mapema, uliza

Ondoka saa nne asubuhi ili kufikia saa tisa uwe umeegesha. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kurudi nyuma gizani peke yako hakufai. Kabla ya kuchagua mahali, msalimie mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Usiku upepo wavuma kutoka wapi?"

"Sasa ni kusi. Watoka kule."

"Na maji ya bamvua hufika wapi?"

"Penye ule mwani mkavu. Usipite."

Huo mwani ndio mpaka wako. Elekeza pua kwenye upepo, ili mlango wa jiko ufunguke upande uliokingwa. Ukiufungua upepo ukitoka nyuma, hugeuka tanga na unaweza kung'oa bawaba. Tazama juu pia: hakuna kuegesha chini ya mnazi wenye nazi, hata kivuli kikiwa kitamu namna gani.

Piga kabari magurudumu kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Halafu pimamaji sakafuni. Upande wa kichwa uwe juu kidogo. Usiku wa kwanza usikitenganishe na gari kama ardhi ni tambarare. Ukitaka kuondoka ghafla, unatoa kabari na kwenda.

Hatua ya 7: Usiku

Usipike chochote kigumu. Mbaazi na mahamri ya nyumbani na chai ya tangawizi vinatosha. Jiko la gesi au la makaa lisiingie kamwe mahali unapolala, hata mvua ikinyesha: hewa yake ya sumu haina harufu. Acha tundu la juu na dirisha moja wazi, neti ikiwa imefungwa vizuri.

Mtumie mtu mmoja mahali ulipo kwa WhatsApp, mkubaliane saa ya kupigiana asubuhi. Funguo za gari na tochi zikae mahali pamoja, karibu na mkono. Chakula chote kifungiwe. Tumbili huamka kabla yako.

Hatua ya 8: Kurudi

Rudia ukaguzi wote wa hatua ya 4, pamoja na kuinua kwa jeki, hata kama hukukitenganisha na gari. Kabari zitoke mwisho. Nyumbani, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwenye ekseli, magurudumu, nyororo na kikombe siku hiyohiyo, kisha simamisha godoro na uache milango yote wazi hadi pakauke, maana unyevu wa pwani huota ukungu chini ya godoro ndani ya siku chache.