Kabla hujanunua gari la dizeli Milano

Ndugu zangu wa Malindi mlioko Italia, na hasa nyinyi mnaofunga mizigo kuja, kabla hujatoa hata senti kununua gari la dizeli lililotumika, omba libretto yake, yaani kadi ya usajili, tafuta palipoandikwa V.9 na uone ni Euro ngapi. Euro hapa si pesa, ni daraja la moshi wa gari. Soma mwenyewe, usimwachie muuzaji akusomee.

Mimi nilinunua gari dogo, dizeli Euro 5, kwa bei iliyonifanya nimshukuru Mungu. Kumbe liliuzwa rahisi kwa sababu tangu tarehe 1 Oktoba 2022 Milano ilishayafungia mlango magari ya aina hiyo. Eneo lenyewe huitwa Area B. Lilianza Februari 2019, na msidhani ni katikati ya mji tu, limemeza sehemu kubwa ya jiji. Katazo ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa moja na nusu jioni, yaani saa zile zile za kwenda na kurudi kazini.

Sasa sikilizeni mtego ulivyo. Hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha. Kuna bango, na kamera juu ya mlingoti. Unapita leo, kimya. Kesho unapita tena, kimya. Kumbe wana siku 90 za kukuletea faini, na kila siku uliyopita ina faini yake. Nilipita wiki sita nikiamini mambo ni shwari. Bahasha ya kwanza ya kijani ilipofika niliiweka juu ya friji nikidhani ni bili ya maji. Baada ya siku nane zikaja tatu kwa mpigo, kila moja na tarehe yake, namba za gari langu, na dakika niliyopita: saa 1:52 asubuhi, saa 1:49, saa 1:55. Nilikaa chini pale pale jikoni.

Bahasha ya kijani usiilaze. Narudia, usiilaze! Ukilipa ndani ya siku 5 tangu uipokee unapunguziwa asilimia 30. Zikipita 60 deni linapanda. Na usijifiche mleta barua akibisha. Ataacha kikaratasi, na siku 10 zikiisha utahesabiwa umeipokea.

 

Mjomba wangu aliposikia akapiga simu: "Lilete huku, tulibebeshe samaki." Mjomba, wewe umetoa magari bandarini Kilindini tangu sijazaliwa! Usukani uko kushoto na gari limeshapita miaka minane. KEBS, shirika la viwango la Kenya, hawaliangalii mara mbili. Nawaomba wazee wetu, msiwahimize vijana kununua chuma cha Ulaya mkidhani kina njia ya kurudi nyumbani.

Waitaliano tunaowajua ufukweni Malindi ni wachangamfu, maneno hayawaishi, nikadhani kwao mtu angenitonya. Jirani yangu aliliona lile gari kila asubuhi, akalisifu rangi, la katazo hakulitaja. Huku bango likishasimikwa, kila mtu huhesabiwa kuwa amelisoma.

Katazo lenyewe silipingi. Bonde la Po, ambamo Milano imo, limezibwa na milima, halina kusi wala kaskazi ya kulipepea, na wakati wa baridi moshi hutulia hapo hapo. Mwanangu ana pumu. Usiku wa Januari namsikia akivuta pumzi chumba cha pili. Ila linalonichoma ni kwamba mwenye nacho alibadilisha gari akaendelea na safari, na faini zikawaangukia wasafisha ofisi na mafundi.

Siku hizi napanda metro. Lile gari nimemuuzia mkulima anayeishi mbali na jiji, na kabla hajatoa pesa nilimwekea kidole penye V.9, nikasubiri mpaka akasoma.