Somo: Kusafisha mfereji wa straika wa bastola ya Glock (na kwa nini usitie mafuta humo)

Masika yaliyopita nilikuwa uwanja wa shabaha, nikavuta traiga: tak! Kimya. Mtutu nikauacha ukielekea kwenye tuta, nikahesabu sekunde 30, ndipo nikaichomoa ile risasi. Fataki yake, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, ilikuwa na kidoa tu, kama imedonolewa na sindano. Baada ya risasi mbili, tena tak. Nikaanza kumlaumu aliyeniuzia risasi. Kumbe mkosaji ni mimi. Chumvi ya Mombasa haina huruma na chuma, basi kila Jumamosi nilikuwa nikiinywesha bastola mafuta kama cherehani, hadi ndani ya mfereji wa straika.

Straika ni ile pini inayosukumwa na springi ikapige fataki. Hukaa kwenye mfereji ndani ya slaidi, na kwa Glock mfereji huo umevikwa bomba la plastiki ili pini iteleze kavukavu. Ukitia mafuta, yanakamata masizi ya baruti na chengachenga za shaba zinazopenya kwenye tundu la pini, yote yanakuwa uji mweusi. Pini ikipita kwenye uji huo inafika mwisho haina nguvu.

Kijitabu cha Glock kinamruhusu mwenye silaha kuifungua kawaida tu; kuitoa straika ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Mimi nilifundishwa na fundi, mara mbili, akinitazama. Kama hujaonyeshwa, soma somo hili kisha mpelekee yeye.

Hatua ya 1. Toa magazini. Vuta slaidi nyuma mara tatu, uifunge nyuma, tazama chemba, kisha ingiza kidole uipapase. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Sisemi haya kwa desturi tu: Glock haifunguki mpaka uvute traiga kwanza, na aliyevuta kabla ya kuondoa magazini na kupapasa chemba ndiye anayetoboa ukuta wa jirani. Vuta ukielekeza mahali salama, halafu tenganisha slaidi, springi kuu na mtutu.

Hatua ya 2. Vaa miwani. Simamisha slaidi kwa pua yake juu ya kitambaa, upande wa chini ukikutazama. Kwa pini ya fundi (kijiti cha chuma cha kusukumia), sukuma kola ya plastiki ya straika kuelekea chini, huku unatelezesha kibati cha nyuma kije kwako. Kidole gumba kikae juu ya tundu linalofunguka hapo nyuma, wakati wote. Springi zile zikiruka utazitafuta chini ya kabati hadi Isha.

Hatua ya 3. Chomoa straika pamoja na springi yake, na kile kijiti chembamba cha kichomoa ganda. Hapo usibonyeze kitufe cha usalama kilicho chini ya slaidi, maana kichomoa ganda kitadondoka na kazi itaongezeka.

Hatua ya 4. Geuza slaidi, nyuma iangalie chini, ili uchafu utoke badala ya kurudi ndani. Pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, ingiza, zungusha, toa. Yangu ya kwanza ilitoka nyeusi kama wino wa ngisi, ikimetameta shaba. Rudia mpaka itoke nyeupe, maliza na pamba kavu, mulika kwa tochi. Bomba la plastiki usiling'oe. Likitoka huharibika, na utahitaji jipya. Straika ipanguse tu, ukague ncha isiwe imemeguka.

Hatua ya 5. Rudisha vyote vikiwa vikavu. Kisha jaribu: sukuma straika mbele kwa kidole, ncha isichomoze tunduni. Sasa bonyeza kitufe cha usalama, sukuma tena. Safari hii ichomoze. Jaribio lolote likikataa, usiitie risasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Lamu): Kaka, bila mafuta si itashika kutu huku kwetu?

Jibu: Mafuta yana mahali pake, ndugu yangu. Tone kwenye reli, ufute mtutu kwa nje, na tone moja pale nyuma ambapo upau wa traiga unagusana na kibati chake kwenye fremu (si kile kibati cha nyuma ya slaidi). Straika pitishia kitambaa chenye mafuta, kisha kikavu.

Swali (Tanga): Petroli inafaa? Ndiyo ninayo nyumbani.

Jibu: Petroli ndani, na jiko linawaka? Hapana, mzee wangu. Nunua spiriti.

Swali (Nairobi): Yangu ni CZ 75, ina nyundo. Inanihusu?

Jibu: Haina straika, ila pini yake ina tundu lake na kanuni ya ukavu ni ileile. Namna ya kuifungua ni nyingine kabisa, usifuate hatua zangu.

Swali (Malindi): Nisafishe kila baada ya muda gani?

Jibu: Mimi kila risasi 1,000 hivi, au siku yoyote nikijua mafuta yameingia. Kila wiki ni kujitafutia hasara, vipande vile vidogo hupotea.

Swali (Lamu tena): Nimesafisha, bado tak.

Jibu: Angalia kama slaidi inafunga mpaka mwisho. Ikiwa inafunga, jaribu boksi jingine la risasi. Ikiendelea, springi ya straika imechoka. Ipeleke kwa fundi, na umwonyeshe zile fataki zilizodonolewa, usizitupe.