Stendi ya maiki ya bei nafuu isiyoyumba: jinsi ninavyoichagua

Siku moja nikirekodi kwaya, bumu, yaani mkono mrefu wa stendi unaobeba maiki, lilianza kushuka taratibu katikati ya ubeti wa pili, na hakuna aliyeligusa. Nilipolifikia, maiki ya kondensa ilikuwa imeshagonga sakafu. Stendi ilikuwa mpya kabisa, niliyoinunua ikiwa bado ndani ya boksi. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla ya kuijaribu stendi pale pale dukani.

Hatua ya 1: Jua uzito wa maiki yako

Maiki ya Shure SM58 ina gramu 298, na karibu stendi yoyote itaibeba. Shure SM7B ina gramu 765, na hapo mambo hubadilika. Ukiirefusha kwenye bumu hadi sentimita 80 kutoka kwenye kiungo, inavuta sawa na kilo 3 zilizoning'inizwa sentimita 20 tu. Kinachokulemea zaidi ni urefu wa bumu, kwa hiyo usinunue bumu refu usilolihitaji.

Hatua ya 2: Chagua kitako

Mwimbaji anayesimama kwenye kibanda chembamba cha kurekodia anafaa kupewa stendi iliyonyooka yenye kitako cha duara cha chuma kizito, maana haimtegi miguuni. Kwa gitaa, ngoma na kwaya, chukua ya miguu mitatu yenye bumu.

Hatua ya 3: Kagua viungo

Hapa usiwe na haraka, hata muuzaji akikuharakisha. Stendi nyingi za bei ndogo zina mabomba mazuri ya chuma, ila pale miguu inapokutana na pale bumu linapokaza pamewekwa plastiki. Plastiki hiyo ndiyo hupasuka kwanza. Tafuta viungo vya chuma.

Kisha nenda na maiki yako, au kitu chenye uzito kama wake. Vuta bumu lote, lilaze sambamba na sakafu, kaza kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Weka alama ukutani usawa wa ncha yake, usubiri dakika 10. Likishuka hata kidogo, mrudishie muuzaji stendi yake. Kiungo kinachohitaji koleo ili kikaze leo kitakuwa kimelika baada ya miezi michache.

Angalia pia kama kishikio cha kukazia na skrubu vinafunguka. Stendi inayofunguka inatengenezeka: unabadilisha washa (kipete bapa kilicho ndani ya kiungo) iliyolika na kuendelea. Kampuni ya K&M ya Ujerumani huuza vipuri vya stendi zake, ndiyo maana mimi niko radhi kununua K&M iliyotumika kuliko mbili mpya zisizo na jina.

Hatua ya 4: Linganisha nyuzi za skrubu

Nyuzi ni mikato ya skrubu inayofunga kishikilio cha maiki kwenye stendi. Kuna saizi mbili za kawaida: inchi 5/8 na inchi 3/8. Zikipishana, usilazimishe, utaharibu nyuzi za kishikilio cha maiki. Kipete kidogo cha kubadilishia saizi ni cha bei ndogo. Nunua kadhaa, vinapotea haraka.

Hatua ya 5: Isimamishe vizuri

Elekeza bumu juu ya mguu mmoja, lisipite katikati ya miguu miwili. Jambo hili dogo huzuia stendi nyingi zisipinduke. Maiki ikiwa nzito, shona mfuko wa turubai, ujaze mchanga mkavu kilo 3 hivi, uulaze juu ya mmoja wa miguu iliyo upande wa pili wa maiki. Tandika mkeka au kipande cha zulia chini ya stendi ili vishindo vya nyayo visipande hadi kwenye maiki.

Unapotaka kubadilisha pembe ya bumu, legeza kiungo kwanza, tena mkono mwingine ukiwa umeshika maiki. Waambie na waimbaji wako, kwa sababu wengi hulisukuma tu likiwa limekazwa, na washa ya ndani husagika bila mtu kujua.