Kabla hamjapanda helikopta kuangalia majani mekundu ya miombo

Mwezi kwanza. Miombo ya Katanga inakuwa myekundu majani yanapozaliwa, si yanapokufa kama kule Kanada. Ni mwezi wa 9 mpaka mwanzo wa mwezi wa 10, kabla mvua haijaanza. Ukimngoja shemeji apate konje (likizo) ya Noeli, mtaona kijani kitupu.

Moshi nao. Msimu huohuo watu wanachoma pori. Kama ukiwa mjini Lubumbashi bomba la moshi la Gécamines, ile kampuni ya migodi, linaonekana kama kivuli tu, ahirisheni.

Bei: ulizeni saa inaanza kuhesabiwa wapi, na hewa ikiharibika pesa inarudi au hairudi. Waandike. Kumbukeni pia kwamba kandokando ya mji miti imeisha kwa kuchomwa makala (mkaa), kwa hiyo dakika za kwanza mnalipia vichuguu.

Sasa uzito, na hapa mnisikilize vizuri. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa anatimiza miaka 60, watoto wakachanga apelekwe kuona miombo ya Kundelungu na maporomoko ya Lofoi, yale yanayoanguka zaidi ya mita 300. Kwenye simu waliulizwa kilo za kila mtu. Kijana wake mkubwa akazitaja kwa kukisia: mama eti 70, yeye mwenyewe zile alizokuwa nazo siku ya harusi yake. Safari ilikuwa ya alfajiri, lakini walimngoja binamu atokaye Likasi, wakafika uwanja wa ndege wa Luano saa 6 mchana na kisanduku cha vinywaji.

Mzani ukasema mengine. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na mchana wa mwezi wa 9 joto linapita digrii 30. Hewa ya hivyo ni nyepesi: mapanga ya helikopta hayapati cha kushika, na injini nayo inapungukiwa nguvu. Kilo zinazobebeka asubuhi kukiwa na baridi, mchana hazibebeki. Kupunguza mafuta? Basi Lofoi hamfiki. Rubani akasema mmoja ashuke. Binamu akasema ametoka mbali. Kijana akasema ndiye aliyelipa. Mama akasema, «Muende, wanangu, mimi nitachunga mizigo.» Na wakaenda! Akabaki kwenye benchi na liputa lake jipya la kitenge, na kisanduku cha vinywaji.

Kwa hiyo pimaneni, hata kwenye mzani wa magunia ya unga, mkiwa na viatu na mikoba, mtume kilo za kweli. Mwenye sherehe aandikwe wa kwanza. Na muondoke asubuhi mapema; anayechelewa abaki, hata akitoka Likasi.

Mengine ni mafupi. Nguo za rangi nzito, maana nyeupe inajirudia kwenye kioo na kuharibu picha. Kofia mkononi, liputa lifungwe sawasawa. Mkaribie helikopta kwa mbele, rubani akiwaona na akiwaita. Nyuma kuna feni ya mkiani, na ikizunguka haionekani. Kadi ya mpiga kura mfukoni. Uwanja wa ndege na migodi msipige picha bila kuuliza. Watoto wasishibe sana. Simu zifungwe kamba. Na rubani akisema leo haturuki, msianze kumtafutia mkubwa wake kwenye simu, hata kama mmeshalipa yote.