Jinsi ya kuandaa setilaiti ya CubeSat kabla haijapanda roketi

Jamani hebu tuongee hii kazi ya mwisho, manake wengi wakiona setilaiti inawasha taa pale mezani wanajua wamemaliza. Nachukulia unayo ya 1U, kiboksi cha kama sentimita 10 kila upande, saizi ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018.

Hatua ya 1, pima. Uzito kwanza, halafu zile reli nne za kwenye pembe, hizo ndo zinateleza ndani ya kasha la kurushia kwahiyo hata robo milimita isikupite.

Hatua ya 2, skrubu. Kaza kwa bisibisi ya kupimia mkazo, kisha tone la epoksi, gundi ngumu, pembeni ya kila kichwa, usiruke hata moja. Mi niliruka. Tumetoka kwenye meza ya mtikisiko, ile ya hatua ya 3, nikaiinamisha kidogo, nikasikia tik ndani, moyo ukanilipuka, skrubu ya betri ilikuwa imetoka na ikabidi tubomoe yote tuanze upya.

Hatua ya 3, ifunge kwenye meza ya mtikisiko uitikise kama roketi itakavyoitikisa, pande zote tatu. Kabla na baada ya ule mtikisiko mkali pitisha mwepesi wa kusoma inatetemeka kwa kasi gani kiasili, michoro miwili ikilaliana uko salama, ikiachana kuna kitu kimelegea hata kama kwa macho huoni.

Hatua ya 4, ioke kwenye chemba ya vakyumu, yaani iliyotolewa hewa, mvuke wa gundi na plastiki utokee huku chini, sio uende kuganda kwenye lenzi ya kamera kule juu.

Hatua ya 5, antena. Inakunjwa na kufungwa kwa nailoni kama mshipi wa kuvulia, na kiwaya cha moto ndo kinaikata ikishafika. Jaribu kuikata ndani ya vakyumu, kwenye baridi, betri ikiwa chini. Mezani itakatika kila siku, hiyo haikwambii kitu.

Hatua ya 6, swichi, zile zinazobanwa setilaiti ikiwa ndani ya kasha. Zikibanwa umeme wote ukatike, zikiachiwa programu isubiri dakika 30 ndo ifungue antena, 45 ndo redio itume. Kaa na saa uhesabu mwenyewe.

Siku ya kukabidhi vaa glavu na kamba ya mkononi ya kuzuia umeme tuli, pangusa reli kwa alkoholi, isukume taratibu ndani ya kasha. Chomoa pini yenye utepe mwekundu, ile inayoizuia isiwake, piga picha ukiwa umeishika, ndo mlango ufungwe.