SOMO: Kompyuta inawaka, feni zinazunguka, ila poti ya picha kwenye mazabodi haitoi kitu

Kwanza tuelewane maneno. Mtaani kasha zima la mezani tunaliita CPU. Humu nikiandika prosesa namaanisha chipu yenyewe, ile iliyofunikwa na feni. Natenganisha hivi kwa sababu kosa kubwa linaanzia hapo: mtu anaona HDMI nyuma ya mazabodi, anaamini mazabodi ndiyo inayotengeneza picha. Kwenye mashine za Intel, grafiki, yaani sehemu inayotengeneza picha, ilianza kuhamia kwa prosesa mwaka 2010, na tangu hapo ile poti ni mlango tu. Prosesa isipokuwa na grafiki, mlango haufunguki hata kama mazabodi imetoka kwenye boksi leo. Wenye mazabodi za kale za G31 na G41 ndio wa upande mwingine: kwao picha inatoka kwenye chipseti, yaani chipu saidizi iliyo kwenye mazabodi yenyewe.

Andaa bisibisi ya nyota, raba nyeupe ya kufutia penseli, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, mita ya umeme, betri ya CR2032 (ile ya duara ya mazabodi), waya wa picha uliokwisha kuujaribu kwenye mashine nyingine, na kipande kimoja kizima cha ram (memori ya muda).

Hatua ya 1. Jua kama mashine imekufa au imefumba macho tu.
Washa, subiri dakika mbili, kisha bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeshavuka mwanzo na tatizo liko kwenye njia ya picha. Taa isipoitika, mashine imekwama kabla ya kufika huko, na mara nyingi mkosaji ni ram. Sikiliza pia milio. HP za ofisini za zamani kama Compaq Elite 8300 hupiga bipu tano zikikosa ram na sita zikikosa grafiki, na taa nyekundu ya pawa inapepesa idadi ileile.

Hatua ya 2. Thibitisha prosesa ina grafiki.
Hii wengi wanairuka, halafu wanaishia kununua mazabodi ambayo hawakuihitaji. Usiamini stika ya mbele ya kasha. Kwenye mashine za mtumba stika na chipu vinaweza kuwa vya miaka tofauti. Fungua feni, futa pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya chipu na feni) kwa kitambaa chenye spiriti, soma maandishi juu ya bati la chipu.

Kwa Intel, herufi F mwishoni maana yake hakuna grafiki: i5-9400F, i3-10100F, i5-12400F. KF ni hivyo hivyo. Kuna chache za zamani zisizo na F ambazo nazo hazina, kama i5-3350P na i5-2550K. Xeon E3 tazama tarakimu ya mwisho kabla ya v: ikiwa 5, kama 1225 au 1245, picha ipo, 1220, 1230 na 1240 hazina. Xeon E5 za soketi (kiti cha prosesa) 2011 usizihangaikie, zote zinataka kadi ya grafiki ya kuchomeka.

Kwa AMD za soketi AM4 tafuta herufi G: 2200G, 3200G, 3400G, 5600G. Ryzen 5 2600, 3600, 5500 na 5600 hazitoi picha kwenye mazabodi hata uzibembeleze. Za AM5 mfululizo wa 7000 zina grafiki ndogo, isipokuwa zenye F kama 7500F.

Kama chipu yako haina, acha kusoma hatua zinazofuata. Tafuta kadi.

Hatua ya 3. Waya, adapta na monita.
Chomoa waya upande wa kompyuta na uache monita inawaka. Ikiandika haipati mawimbi, monita ni nzima. Ingia kwenye menyu yake uchague chanzo sahihi, kwa sababu monita yenye VGA na HDMI inaweza kubaki imesikiliza poti isiyo na kitu.

Adapta zina upande. Ya HDMI kwenda VGA inatoa picha kutoka kompyuta yenye HDMI kwenda monita yenye VGA. Ukiigeuza, haifanyi kazi kabisa. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina VGA moja na DisplayPort mbili bila HDMI, na adapta ya bei rahisi ya DisplayPort kwenda HDMI nayo haiendi kinyume. Poti ya DVI-D haina pini za analogi, kwa hiyo kile kichwa kidogo cha DVI kwenda VGA hakina cha kuchukua.

Hatua ya 4. Ram. Hapa usiwe na haraka.
Grafiki ya ndani haina memori yake, inakopa ya ram. Ram ikiyumba, picha haizaliwi. Na kwa vumbi letu la Dodoma, hasa kuanzia Juni hadi Agosti upepo unapovuma, meno ya ram yanapata ukungu ambao hauuoni mpaka ukielekeze kipande kwenye mwanga.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha pawa kwa sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwanza. Hewa kavu ya kiangazi na sweta vinajaza mwili umeme tuli. Toa vipande vyote. Lalisha kimoja juu ya karatasi, piga raba kwenye meno kuelekea nje, upande huu na ule, mpaka dhahabu ing'ae sawasawa. Pangusa unga wa raba wote. Safisha sloti kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Rudisha kipande kimoja tu, pengo lake likikaa kwenye ufito wa sloti, kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie "ta". Sloti nyingine zina komeo upande mmoja tu, ndiko watu wanakodanganyika kwamba imeingia. Jaribu kipande hicho kwenye kila sloti, kisha kingine. Mashine za DDR5 zinaweza kukaa giza dakika kadhaa mara ya kwanza baada ya kubadili ram. Ziache.

Hatua ya 5. Rudisha bayosi (programu ya kuanzishia mashine iliyo kwenye mazabodi) kwenye hali ya kiwandani.
Toa kadi ya grafiki kama ipo, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 dakika kumi, au gusanisha kwa bisibisi pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS kwa sekunde kumi. Betri ikisoma chini ya volti 2.8 weka mpya.

Hatua ya 6. Umeme na soketi.
Waya wa pini 4 au 8 karibu na prosesa ukisahaulika, feni zitazunguka na hakuna zaidi. Laini ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6. Mwisho kabisa inua prosesa ya Intel uangalie pini za soketi kwa tochi ya pembeni. Iliyopinda inajitenga kwa kivuli chake.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mahali alipo)

Nkuhungu: Mkuu, nina i5-10400F na mazabodi ya H410. Kadi imeungua, nimehamia HDMI ya mazabodi, giza. Bayosi inaweza kusaidia?
Jibu: Hapana ndugu, hiyo F imeshakujibu. Badili prosesa iwe 10400 au i3-10100 bila F, soketi ni ileile 1200. Au weka kadi ndogo kama GT 710, haihitaji waya wa ziada wa pawa.

Kisasa: Tangu niweke kadi, monita ya pili iliyo kwenye mazabodi imezima. Prosesa ni i5-8500.
Jibu: Bayosi nyingi huzima grafiki ya ndani zikiona kadi. Chomeka monita kwenye kadi, ingia bayosi, tafuta "iGPU Multi-Monitor" au "Internal Graphics", weka Enabled, hifadhi kwa F10. Kisha weka draiva (programu inayoendesha grafiki) ya Intel, maana Windows inaweza kuiona grafiki na bado isiitumie vizuri.

Manyoni: Kwangu nembo ya Windows inaonekana vizuri, halafu giza. Nibadili ram?
Jibu: Usiguse kitu ndani, dada. Picha iliyofika kwenye nembo imethibitisha waya na grafiki. Shida ni draiva. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B pamoja. Ikishindikana, izime kwa kitufe mara tatu ikiwa inaanza kuwaka mpaka menyu ya ukarabati ije, ingia Safe Mode, ondoa draiva ya grafiki, washa upya. Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter" umefika pazuri. Weka sasa draiva ya mtengenezaji wa kompyuta.

UDOM: Ryzen 5 5600G mpya, mazabodi ya B450 ya mtumba, feni zinazunguka tu, picha hakuna.
Jibu: Chipu ni changa kuliko bayosi. Tafuta kwenye tovuti ya mazabodi yako toleo la bayosi linalotaja 5600G. Kama kuna kitufe cha Flashback (cha kuingiza bayosi) nyuma, flashi ya FAT32 inatosha bila prosesa kufanya kazi. Kama hakipo, azima 2200G ya mwenzako uingize bayosi nayo. Fanya ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, utatafuta wa kuchoma upya chipu ya bayosi.

Kongwa: Na laptop?
Jibu: Mulika skrini kwa tochi ukiinamisha. Ukiona maandishi hafifu, grafiki ni nzima, ni taa ya nyuma au kebo yake. Usipoona kitu, chomeka monita ya nje kabla hujafungua hata skrubu moja.